Joto Likizidi, Mbio za Farasi Zisimame?

Kila kiangazi kikifika California, mjadala uleule hurudi. Tevis Cup, safari ya farasi ya maili 100, yaani kilomita 160, hufanyika Julai au Agosti, wakati makorongo ya Sierra Nevada yanaweza kupita nyuzi joto 38. Wapandaji huondoka saa kumi na moja na robo alfajiri, na wana saa 24 za kufika mji wa Auburn. Kwa kawaida karibu nusu yao hawafiki. Wanaopinga wanauliza kwa nini isipelekwe kwenye miezi ya ubaridi, au ikasitishwa joto likivuka kiwango fulani.

Hawaongozwi na huruma tupu. Msuli wa farasi hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto, na mwili mkubwa namna ile una ngozi ndogo ukilinganisha na uzito wake. Jua likiwa kali anaweza kutoa jasho lita 10 hadi 15 kwa saa, tena jasho lenye chumvi kuliko letu. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Maji na chumvi vikitoka kwa pamoja, damu haikolei chumvi, na kukolea huko ndiko kunakoamsha kiu. Farasi aliyekaukiwa anaweza kusimama mbele ya ndoo iliyojaa na asiiguse.

Wana pia mfano wa Tryon, North Carolina, Septemba 2018. Mashindano ya dunia ya masafa marefu yalianza vibaya, baadhi ya wapandaji wakaelekezwa njia isiyo sahihi, yakaanzishwa upya kwa kilomita 120, kisha yakafutwa kabisa alasiri. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, jua likafuata, na hewa ikajaa unyevu. Makumi ya farasi walitibiwa, na mmoja aliyepata matatizo ya figo ikabidi auawe kwa sindano. Kipimajoto peke yake kisingesema kitu. Aliyewahi kuishi Dar es Salaam na Dodoma anajua tofauti ya fukuto na joto kavu: kwenye fukuto jasho linatiririka tu, halikauki, na lisipokauka halipozi mwili.

Ndiyo maana watetezi wa Tevis nao wana la kusema. Hewa ya makorongoni ni kavu. Safari hiyo ipo tangu 1955, na wengi wanaoingia wamewafanyisha farasi wao mazoezi kwenye milima ya aina hiyohiyo. Njiani kuna vituo vya ukaguzi, viwili kati yake vikiwa na mapumziko ya lazima ya saa nzima. Daktari wa mifugo husikiliza moyo na matumbo, hufinya ngozi aone inarudi upesi kiasi gani, hubonyeza ufizi kwa kidole gumba na kuangalia wekundu unavyorejea, kisha farasi hukimbizwa kidogo kwa kamba ionekane kama anachechemea. Asiporidhisha, safari yake imeishia hapo. Wapandaji wenyewe hutumbukiza sifongo iliyofungwa kamba kijitoni bila kushuka, wakamkamulia farasi maji shingoni. Kwenye vilima vikali wengine hushuka, wakashika mkia na kuvutwa juu kwa miguu yao. Na yeyote anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa mzima, anapata bizimu la mkanda la fedha lilelile analopata mshindi.

Mimi hilo bizimu ndilo linalonishawishi zaidi, kuliko hata madaktari. Ukaguzi ni mzuri lakini unakuja baada ya mwendo. Moyo unapimwa wakati madhara huenda yameshaingia. Kinachomlinda farasi kati ya kituo na kituo ni mpandaji asiye na sababu ya kuharakisha.

Tazama Ghuba. Msimu wa Falme za Kiarabu huwa miezi ya baridi, kwa hiyo jua la Julai halina lawama pale. Lakini kwenye mchanga tambarare mashindano ya kilomita 160 yamewahi kumalizwa kwa wastani uliopita kilomita 25 kwa saa, na baada ya farasi kuvunjika miguu na kufa, shirikisho la kimataifa, FEI, liliifungia nchi hiyo mwaka 2015. Jibu lililonivutia lilitoka hukohuko Abu Dhabi, uwanja wa Bou Thib: mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, na mapigo ya moyo kituoni yashuke hadi 56 kwa dakika, wakati wengine waliruhusu 64. Wapenda mbio walilalamika kwamba ushindani unauawa. Sawa, kidogo unauawa.

Hata hivyo, kikomo cha mwendo hakitoshi siku ya fukuto kama ile ya Tryon. Siku hiyo lazima awepo mtu wa kusema hapana, na asiwe mwandaaji aliyekwisha kupokea ada na fedha za wadhamini. Uamuzi uwe wa daktari mkuu, kwa kipimo kinachochanganya joto na unyevu, na utolewe kabla ya kuondoka. Kwa anayetokea nchi ya baridi kuna hesabu nyingine: mwili wa farasi huhitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea joto. Kama hana wiki hizo, ada aliyolipa aisamehe.