Boila Kuukuu, Miguu Mipya

Picha za magari ya zimamoto ya New York ya miaka ya 1910 huchekesha. Mbele utaona kitrekta cha petroli cha magurudumu mawili, dereva kakaa juu yake bila paa. Nyuma yake kuna pampu ya maji inayoendeshwa kwa mvuke, boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) imesimama wima na bomba la moshi juu, ile ile iliyokuwa ikivutwa na farasi watatu. Wapenzi wengi wa magari ya kale huliita gari hili popo, si ndege si mnyama, na kulitaja kama ushahidi kwamba kikosi cha jiji kubwa na tajiri kiliogopa mambo mapya.

Hoja yao ina uzito. Pampu ya mvuke ilitaka fundi wa mashine na mchochea moto, tena mafunzo ya kila mmoja yalikuwa mbali na ya dereva. Moto ukirefuka, sharti makaa yaletwe. Gari lililotumia petroli peke yake lilikimbia na kusukuma maji kwa injini moja, bila kungoja mvuke ujae. Isitoshe, mashine iliyoundwa kwa mwendo wa farasi sasa ilikokotwa kwa kasi ya motokaa.

Lakini tujiulize New York ilikuwa inaumwa wapi. Si kwenye pampu. Pampu ya mvuke ya wakati huo ilikuwa imekomaa, na ilisukuma maji saa nyingi mradi makaa yapo, wakati injini za petroli bado zilikuwa zinajifunza kufanya kazi nzito bila kupumzika. Hata ule muda wa kungoja mvuke tunauongeza chumvi: kituoni boila iliunganishwa kwa mabomba na hita iliyoyaweka maji yake moto usiku na mchana, na moto wa tanuri ukawashwa pale pale gari linapotoka.

Kilichouma ni farasi. Farasi hula siku yenye moto na siku isiyo na moto. Anataka zizi, daktari, mtu wa kumpigilia viatu vya chuma kwatoni, na akishakimbia masafa marefu huwezi kumwambia arudie papo hapo. Halafu huugua. Boston iliyaona hayo Novemba 1872: homa ya farasi ilikuwa imezagaa, wanaume wakakokota mashine kwa mikono, na zaidi ya majengo 700 yakateketea. Naam, moto ule ulikuwa na sababu nyingine pia, lakini hakuna mkuu wa zimamoto aliyesahau zile kamba mabegani mwa watu.

Hapo ndipo alipoingia J. Walter Christie, mbunifu wa magari wa Kimarekani, yule ambaye baadaye mfumo wake wa springi ungebeba vifaru vya Kisovieti. Trekta lake, ndicho kile kitrekta cha pichani, lilichukua nafasi ya ekseli ya mbele ya pampu. Magurudumu yale yale yaliyokata kona ndiyo yaliyovuta, na injini ililazwa kwa upana katikati yao. Pampu haikuguswa. Jiji lilitoa sehemu iliyooza, likabakiza sehemu nzima ambayo lilishailipia. Mimi siuoni woga hapo. Naona mhasibu na fundi waliokaa meza moja, jambo lisilotokea mara nyingi serikalini.

Na kama woga ndio uliotawala, mbona mwaka 1908 Manhattan ilianza kutumia mabomba ya maji ya shinikizo kubwa, yaliyosukumwa na umeme, ambayo katika mitaa yake yaliifanya pampu yenyewe isihitajike sana?

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye mwendo wa mabadiliko yenyewe. Farasi wa mwisho wa zimamoto New York walitoka kituo cha Engine 205, Brooklyn, tarehe 20 Desemba 1922. Dawa ilikuwa mkononi kwa takriban miaka kumi, na vituo vingine viliendelea kununua nyasi.