Namba ya simu umepangishwa tu

Kwa wengi wetu namba ya simu ndiyo ufunguo wa kila kitu: WhatsApp, Facebook, pesa, hata barua pepe hurejeshwa kwa SMS. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja. Unafanya kazi hadi kwenye kitochi, na tangu usajili wa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, aliyeibiwa simu huenda dukani na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), akaweka kidole, akarudishiwa laini. Barua pepe haina dirisha la kwenda kulalamika.

Lakini kidole hulinda laini ikiwa bado yako. Namba zenyewe zina kikomo: zinazoanza na 075 zimebakiza tarakimu 7, yaani namba milioni 10 basi, hivyo laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake ikauzwa upya. Hapo kidole halali ni cha mnunuzi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya wa kampuni mbili za Marekani. 171 zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti kwenye tovuti maarufu. Karibu mbili katika kila tatu! Mnunuzi hahitaji utaalamu wowote. Anabonyeza “umesahau nenosiri”, SMS inaingia kwake. Na sisi ndio wenye laini tatu tatu, tunaotupa moja bando likipanda bei.

Ndiyo maana barua pepe, inayodhaniwa ni ya watu wa ofisini, inastahili kuwa ufunguo mkuu, mradi iwe yako kweli. Gmail nyingi zilifunguliwa na muuza simu, na nenosiri analijua yeye. Libadili kwanza. Kisha chapisha misimbo 10 ya akiba ya Google, inayokuingiza kwenye akaunti usipokuwa na simu, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, ndipo usakinishe programu inayotoa msimbo wa kuingilia wa tarakimu 6 kila sekunde 30 bila mtandao. Ukianza na programu ukaacha misimbo, simu ikipotea umejifungia nje. Ingia pia mara kwa mara, maana Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2.

WhatsApp iwekee PIN ya tarakimu 6 na barua pepe hiyo. Unapotaka kuacha laini, tumia “Badilisha namba” ndani ya WhatsApp, kisha iondoe namba hiyo kwenye Facebook, Instagram na Gmail ingali inapokea SMS, kwa sababu mara nyingi msimbo wa kuthibitisha mabadiliko hutumwa kwenye namba hiyo hiyo.