Rhea: jua lililolala au jua la utosini?

Picha za Rhea, mwezi wa sayari ya Zohali, zinazopendwa zaidi ni zile zilizopigwa jua likiwa limelala karibu na upeo. Kila kreta, yaani shimo lililochimbwa na mgongano, ina kivuli upande mmoja na ukingo unaong'aa upande wa pili, na mtazamaji anaelewa papo hapo kwamba mwezi huu umepondwa na mawe ya angani tangu enzi na enzi. Walimu wa jiografia ninaozungumza nao hapa Dodoma huchagua picha hizo kwa ajili ya darasa. Zile za jua la utosini huziacha, kwa kuwa ni bapa na kreta hazijitokezi. Sababu yao naielewa, ila naamini wanafunzi wao wanakosa nusu ya habari.

Rhea ni wa pili kwa ukubwa kati ya miezi ya Zohali, na kipenyo chake ni takriban kilomita 1,528. Giovanni Cassini aliugundua mwaka 1672, na chombo kilichopewa jina lake kiliizunguka Zohali tangu 2004 hadi 2017. Sehemu kubwa ya Rhea ni barafu ya maji, ambayo kwa baridi ya huko ni ngumu kama mwamba.

Jua lililolala linatetewa na hesabu. Rhea haina hewa ya kutosha kutawanya mwanga, kwa hiyo vivuli vyake ni vikali. Ukijua pembe ya jua na urefu wa kivuli, unapata kimo cha ukuta wa kreta bila kutua. Galileo alikadiria milima ya Mwezi wetu kwa kutumia mwanga na kivuli, na matokeo akayachapisha mwaka 1610. Jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, mwinuko wa mita 100 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 560 kwenye ardhi tambarare. Hapo kidogo kinaonekana. Lakini hapo hapo kidogo kinaonekana kikubwa, na kilichomo ndani ya kivuli kinapotea kabisa.

Jua likipanda, vivuli vinafifia, na kinachobaki ni tofauti za mng'ao na rangi. Chukua Inktomi, kreta ya Rhea yenye upana wa kilomita 48 hivi. Imezungukwa na miale myeupe iliyotapakaa mbali, nayo ni barafu iliyorushwa na mgongano na bado haijachakaa. Miale hiyo ndiyo inayotuambia kwamba Inktomi ni changa kuliko majirani zake. Kwa vivuli peke yake ingekuwa shimo mojawapo tu. Vivyo hivyo michirizi myekundu ya Tethys, mwezi mwingine wa Zohali, iliyobainika mwaka 2015 katika picha za rangi: vivuli visingeionyesha.

Anayeyajua makorongo ya Kondoa hatashangaa. Jua la asubuhi humwonyesha kina cha mmomonyoko, lakini wekundu wa udongo uliobaki wazi huonekana vizuri jua likiwa juu.

Hata hivyo mng'ao nao umewahi kuwapotosha wataalamu. Mwaka 1980 chombo cha Voyager 1 kilipiga picha za Dione, mwezi mwingine wa Zohali, kutoka mbali, zikaonyesha michirizi myeupe, na wapo waliodhani ni theluji nyembamba iliyotanda juu ya ardhi. Cassini ilipokaribia Desemba 2004, ilikuta ni magenge ya barafu kwenye nyufa za ardhi. Weupe ulikuwa wa kweli, ila umbo lililouzaa halikuonekana hadi chombo kiliposogea karibu.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ubishi wa mwanga gani bora unapohama na kuwa suala la muda. Voyager 2 iliipita sayari ya Uranus mwaka 1986 wakati jua likimulika upande wa kusini wa miezi yake. Kaskazini kulikuwa giza, na hakuna chombo kingine kilichokwenda huko tangu wakati huo. Cassini ilikaa miaka 13, karibu nusu ya mwaka wa Zohali, ikaliona jua likivuka kutoka kusini kwenda kaskazini mwaka 2009. Ndiyo maana ramani zake zina umbo na rangi pia.

Darasani ningeanza na picha yenye vivuli, kwa kuwa jicho hushika umbo kwanza. Kisha ningebandika kando yake ile ya Inktomi yenye miale, na kuwauliza wanafunzi kreta ipi ni changa.