Waliomzika baba ndio hao hao walionitenga

Baba alizikwa 2019, huko kwetu Uganda, nje kidogo ya Jinja, na kanisa ndio lilifanya kila kitu. Nilipofika asubuhi vijana wao walishamaliza kuchimba, tenti imesimama, viti vya plastiki vimepangwa, magunia mawili ya posho (unga wa ugali), maharage, zile sufuria kubwa za harusi, kina mama wamepika tangu saa tisa usiku na hakuna aliyemuuliza mama hata shilingi mia. Mi nilitoka Kampala na teksi ya kwanza, nimevaa gomesi, lile gauni refu la heshima, kichwa nimefunga kitambaa maana nilijua wataangalia nywele kwanza. Mzee mmoja wa kanisa akanijia polepole, akaniita binti yetu, akanipa pole vizuri kabisa, halafu akanionyesha pa kukaa, upande wa wageni maana nilishatoka kanisani kwao, pamoja na majirani na wale maveterani wenzake baba waliokuwa wananuka waragi, ile pombe kali, saa nne asubuhi. Watoto wa marehemu walipoitwa kuweka udongo wakasoma majina matatu. Sisi tuko wanne.

Naanza na mazishi kwa sababu nimechoka na jinsi unavyoendaga huu ubishi wa makanisa ambayo mwanaume ndiye kichwa, kama yanawasaidia wanawake au yanawaumiza. Mwaka 2023 wakati habari za Shakahola zinatoka Kenya, wale wafuasi wa mhubiri Mackenzie waliofunga kula mpaka kufa, miili inafukuliwa kule msituni mpaka ikapita 400, saluni tunakosukia watu hapa Namuwongo, Kampala (ndio, mimi niliyekatazwa kusuka ndio nala kwa kusuka) ilikuwa ni hiyo tu wiki nzima. Mmoja anasema haya makanisa ya wanaume kutawala wanawake yote ni Mackenzie mtarajiwa, gavumenti ifunge. Mwingine anasema waacheni watu wa Mungu, mbona hamfungi mabaa. Wakanigeukia mimi maana wanajua nilikotoka, nikawaambia nywele hizi ngumu niacheni nimalize. Sikuwa na jibu fupi na bado sina.

Nianze na upande wa mama, maana watu wa mjini hawajui una nguvu kiasi gani. Baba alikuwa askari, Mwiteso, mama Mlugbara, ndio sababu nyumbani tunaongea Kiswahili cha kambini mpaka leo. Kati ya 1992 na 1995 jeshi likapunguza askari zaidi ya 30,000 na baba akawa mmoja wao, akarudi uraiani na kahela kidogo na kofia, kahela akakanywa kakaisha, kikabaki kupiga. Sisi watoto tulijua kulala na viatu miguuni, ukisikia anaimba kule njiani unajua leo tunakimbilia kwenye mahindi ya jirani. Basi kwenye 2000 hivi wakaja wale ndugu wa kanisa. Hawakuhubiri sana mwanzoni, walikaa naye tu, kila jioni watu wawili, zamu kwa zamu, miezi, wakamtafutia kazi kwenye mashine ya kusaga ya mmoja wao. Akaokoka, na toka siku hiyo mpaka anakufa hakugusa pombe. LC, wale viongozi wa mtaa, hawakuweza hiyo, polisi walikuwa wanamwambia mama ni mambo ya nyumbani mrudi mkaongee. Nilipomtupia mama orodha yangu, kwamba alinyimwa kuuza sokoni, alinyimwa kuongea kwenye kikao, hata kwenda kumuona dada yake Arua alikuwa anaomba ruhusa, akaniangalia akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu nilivyonyimwa. Mimi nahesabu usiku niliolala ndani."

Hapo unajibu nini? Mi nilinyamaza.

Tena wenye kutetea wana historia nzuri tu. Neno lenyewe mlokole, yaani mtu aliyeokoka, ambalo leo Kenya na Tanzania wanalitumia kama lao, limetoka kwa Luganda hapa. Ule uamsho wa miaka ya 1930, wa Gahini Rwanda na huku kwetu, wa kina Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, mwanzo wake ulikuwa ni uasi kabisa. Mwanamke anasimama anaungama mbele ya mumewe na mume anaungama mbele ya mkewe, wanaitana ndugu na dada, Mzungu na Mwafrika, wakubwa wa kanisa hawajui wafanye nini. Mukono 1941 wanafunzi 26 wa theolojia walifukuzwa chuo kwa sababu ya ukaidi huo huo, William Nagenda akiwemo. Kwa hiyo mtu akiniambia ulokole ulianzishwa kukandamiza wanawake namwambia hapana, soma vizuri. Ila ninachokiona ni kwamba kundi likishajaa na kupata kiwanja, wanachagua wazee, halafu wazee wanaanza vikao ambavyo wanawake hawaingii, na siku moja unakuta wajukuu wa waasi ndio wanashika daftari la nani atengwe.

Kwetu mafundisho ya ndoa yalikuwa kwenye kitini kilichopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na ndani kuna mchoro wa miavuli mitatu, mkubwa juu ni Kristo, wa kati ni baba, mdogo chini ni mama, ukitoka chini ya mwavuli wa baba mvua ya shetani ni yako. Miaka mingi baadaye niko na simu ndio nikajua ile miavuli ilitoka Marekani, kwa mtu anaitwa Bill Gothard, ambaye mwenyewe hakuwahi kuoa, na 2014 alijiuzulu kwenye shirika lake baada ya wanawake wengi kumlalamikia kwamba aliwasumbua kijinsia. Nilicheka peke yangu kitandani, banange, mama yangu kaishi chini ya mwavuli wa kapera wa Chicago! Halafu nikakasirika. Maana wenyewe walikuwa wanatuambia usawa wa wanawake ndio umeletwa na Wazungu.

Na huo mwavuli haukukaa kwenye karatasi tu. Nilimaliza P7 (darasa la saba) 2004 nikakaa nyumbani, ndugu yangu wa kiume akaendelea mpaka S4 (kidato cha nne). Sasa hapa lazima niwe mkweli, majirani zetu ambao hawakuokoka nao walitoa mabinti skuli, hela ya fizi ya skuli ilikuwa hakuna na sekondari ya bure ilikuja 2007. Lakini jirani alikuwa anasema hatuna hela, na alikuwa anaona aibu kidogo, na mwaka ambao pamba au samaki imeleta hela binti alirudi darasani akiwa na matiti makubwa kuliko mwalimu na hakuna aliyejali. Kwetu walisema Mungu hataki. Hela ikaja baadaye, baba alipata hata pikipiki, mimi nikabaki jikoni. Umaskini unaweza kuisha ukabishana nao mwakani, lakini Mungu akishasemewa unabishana na nani?

Wakosoaji nao wana mahali wanakosea, na mimi huwa wananichosha, hasa hawa wa Tiktoki wanaotuchekea sketi ndefu na vitambaa. Sketi ndefu haijaua mtu. Tazama Kanungu, lile kundi la dini la magharibi ya Uganda, 17 Machi 2000, watu mamia ndani ya nyumba moja, madirisha yamepigiliwa misumari, moto, halafu baada ya siku chache wakaanza kufukuliwa wengine kwenye makaburi chini ya nyumba za viongozi. Jina lililovuma ni la Kibwetere, mwanaume, lakini waliotoka kule wengi wanasema neno la mwisho lilikuwa la Credonia Mwerinde, mwanamke. Kwa hiyo hata siku ile mwanamke alikuwa juu haikusaidia wanawake waliokuwa chini. Kilichowamaliza ni kwamba walishauza mashamba na ng'ombe wakaleta hela kwa viongozi, mume na mke wametenganishwa, kuongea kumekatazwa watu wanaelewana kwa ishara za mikono, na ule mwisho wa dunia waliouahidiwa mwisho wa 1999 haukuja. Mtu kama huyo arudi wapi, kwa nyumba gani? Mpaka leo hakuna kiongozi hata mmoja aliyesimamishwa mahakamani.

Ndio maana mimi kipimo changu siku hizi sio wanavaa nini wala nani anahubiri. Nauliza mtu akitaka kutoka kesho asubuhi anatoka na nini. Na hapo ndipo ule uongozi wa wanaume unakuwa tatizo kweli, sio la vitabuni. Ndugu yangu akitaka kutoka ana karatasi ya S4, anajua kuendesha pikipiki, anajua stendi ya Jinja teksi za Kampala zinapaki wapi. Mimi nilikuwa najua kupika na zaburi 40 kwa kichwa.

Nilitoka 2016, nina miaka 25, baada ya wazee kuniambia kwa mara ya tatu kwamba kuna ndugu ameonyeshwa mimi katika maombi, mwanaume aliyefiwa na mke, watoto watano. Hakuna aliyenifunga kamba, nataka hilo lieleweke. Waliniambia mlango uko wazi binti yetu, ila ukipita usirudi. Nikapita. Sasa miaka miwili nyuma gavumenti ilikuwa imeandikisha watu ndagamuntu, kitambulisho cha taifa, na wazee wetu wakasema ni alama ya mnyama, hakuna mtu wetu aliyejiandikisha, na 2017 nikiwa Kampala ikatangazwa laini ya simu isiyo na ndagamuntu inafungwa. Bila ndagamuntu hakuna laini, bila laini hakuna mobail mani, na mshahara wangu wa kazi za nyumbani ulikuwa unapita kwenye simu ya bosi wangu mwenyewe, mama mmoja wa Muyenga, ambaye alikuwa anaukata anavyotaka. Kwenda kujiandikisha wanataka barua ya LC ya kwetu na taarifa za wazazi. Yaani ili dunia inikubali ilibidi nirudi kuomba karatasi kule kule nilikotoka. Mume wa huyo bosi naye alianza kugonga mlango wangu usiku. Kwa hiyo pasta wetu wa zamani alivyosema nje kuna mbwa mwitu hakudanganya hata kidogo, na watetezi wakinitajia hilo sina la kubisha. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyehakikisha natoka bila hata fimbo.

Sheria? Iko. Katiba ya 1995 ibara ya 29 inatoa uhuru wa dini, ya 31 inasema ndoa kuanzia miaka 18 na mume na mke ni sawa ndani ya ndoa na hata wakiachana. Nzuri sana kusoma. Ila gavumenti isijifanye ilizaliwa na nuru, maana sheria ya talaka ya 1904 ilikuwa inamtosha mume athibitishe mke alizini, mke yeye lazima athibitishe uzinzi na kosa lingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa, na ikakaa hivo hivo mpaka 2004, Mahakama ya Katiba ilipoipiga chini kwa kesi ya mawakili wanawake wa FIDA. Miaka 100. Wazee wetu wangepewa miaka 100 pia huenda wangebadilika, sijui.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni Jumapili. Kule Jumapili ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri mpaka giza, watu, nyimbo, chai, watoto wa watu mgongoni. Mwaka wa kwanza Kampala Jumapili ilikuwa inanitesa kuliko njaa, nafua nguo zilizo safi nazifua tena. Ngurumo ikipiga naangalia kama nimetoka kwenye mwavuli. Nilivaa suruali mara ya kwanza Wandegeya nikahisi kila boda boda anajua. Wengine niliotoka nao walishindwa na hiyo Jumapili wakaingia makanisa mengine, makali kuliko letu, na siwalaumu. Mi huwa naenda Anglikana mara moja moja, nakaa nyuma karibu na mlango.

Kilichonishika ni nigiina, yaani upatu. Tuko wanawake 14 wa sokoni na saluni, kila wiki elfu kumi kila mmoja, mmoja anachukua, na kuna sanduku la mazishi pembeni. Usifikiri ni peponi. Ukichelewa faini, wanataka kujua unalala na nani, mwenyekiti wetu akikasirika ni mzee wa kanisa kabisa, ila kavaa gomesi. Lakini mwaka jana mmoja aligombana nasi akatoka, akatukanwa kweli kweli, kisha mwenye daftari akahesabu hela yake ya sanduku akampa mkononi mbele yetu wote, na msiba wa mamake ulipotokea tukaenda.

Nilimsimulia mama hiyo kwa simu. Siku hizi ananipigia na simu ya jirani, akiwa nje anajifanya anaanika mihogo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na hao wakikuzika, wanajua nyimbo?" Nikamwambia wanajua za redio. Akacheka, akacheka mpaka jirani akaja kuchukua simu yake.