Ganuni kwenye Seredani

Gitaa lina nyuzi 6. Udi una 11. Ganuni ina 78. Nayasema haya mapema ili mkifika kwenye seredani msije mkanihukumu haraka.

Nilikuwa na miaka 17, mwaka wa pili katika skuli moja ya muziki Mji Mkongwe, Unguja. Ganuni sikuichagua. Bibi yangu aliwahi kuimba taarabu ujanani, na skuli ilikuwa na ganuni moja isiyo na mwenyewe, basi bibi akaona ni jaala. Mtaa mzima ukatangaziwa. Akienda kununua mbatata, muuzaji atasimuliwa habari za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, na jinsi alivyompeleka mtu Misri kujifunza muziki na ganuni ikaja huku, halafu, kabla mbatata hazijapimwa: "Na mjukuu wangu anaipiga." Ungedhani nimeshuka kwenye meli ileile.

Kwa asiyewahi kuiona: ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja mpana na mwingine umekatwa mshazari. Unailaza mapajani, ule ubavu mrefu ukugusa tumbo. Vidole vya shahada, kulia na kushoto, unavivalisha pete ya chuma, na chini ya kila pete unachomeka risha ya kudonoa nyuzi. Wiki ya kwanza nilisahau kuzivua nikaenda nazo dukani. Jirani akanitazama mkono huu, akatazama na huu. "Umeposwa na wawili?"

Nyuzi zimepangwa tatutatu, kila tatu sauti moja, kwa hiyo sauti ni 26. Kushoto kuna vigingi vya kuzikaza, na jirani yake vibati vidogo vya kuinua na kulaza vinavyopandisha au kushusha sauti kidogo. Kulia nyuzi zinapanda juu ya daraja refu lenye miguu mitano. Na hapa ndipo balaa langu lilipoanzia: miguu ile haikusimama juu ya mbao. Kila mguu umekanyaga kipande cha ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Ganuni yetu ilikuwa na ngozi ya samaki.

Ngozi ile ndiyo inayoipa ganuni ule mlio wake kama wa kilio. Ndiyo pia inayokufedhehesha. Hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea, daraja linazama, nyuzi zote 78 zinashuka pamoja. Hewa ikikauka, ngozi inakaza, daraja linanyanyuka, sauti zinapanda. Ndiyo maana mwalimu hakuchoka kusema kwamba chombo hakityuniwi chumba kimoja kikapigwa chumba kingine. Nililiandika hilo daftarini. Nikalipigia na mstari.

Mtihani wangu wa kupiga mbele ya watu ulipangwa Aprili, masika yamekolea. Kuanzia saa 2 usiku: kwanza bashrafu, kipande cha ala tupu bila kuimba, pamoja na kundi, halafu taksimu yangu, kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo, katika makamu, yaani mpangilio wa sauti, ya Rasti. Mvua ilianza alfajiri, na jua halikuonekana kutwa. Saa 10 jioni nikaitoa ganuni kwenye mfuko wake, nikagusa nyuzi. Nusu sauti nzima imeporomoka.

Hesabu ya kutyuni ni nyepesi kwenye karatasi: nyuzi 78, kila uzi sekunde 20, jumla dakika 26. Unalaza vibati vyote kwanza, maana ukityuni na kimoja kimeinuliwa unajenga nyumba juu ya kigogo kitakachoondolewa. Unachukua sauti kwenye akodiani, kwa sababu akodiani haimbembelezi mtu; sauti zake zimekaa zilivyokaa na wote tunamfuata yeye. Katika kila nyuzi tatu unazibana mbili kwa kidole, unaiweka ya kwanza, kisha ya pili unaifuatisha kwa sikio. Zikikaribiana utasikia wimbi, wa-wa-wa, linapunguza mwendo mpaka linalala. Hapo zimekuwa moja. Na unaupandisha uzi kutoka chini. Ukipitiliza, shuka kabisa upande tena, la sivyo kigingi kitarudi nyuma chenyewe ukishageuza mgongo.

Kwenye karatasi, nimesema. Mimi saa nzima ilipita. Nilipomaliza za juu, zile nene za chini nilizoanza nazo zilikuwa zimeshuka tena. Nikarudia. Katika kurudia nikafanya kosa ambalo kila mpiga ganuni analijua na hakuna anayelikiri: ufunguo wa kugeuzia vigingi nimeutia kigingi cha jirani. Unageuza, unadonoa, sauti haibadiliki. Unageuza tena. Unaona uzi huu leo una kiburi. Mara paa! Uzi mwingine kabisa, uliokuwa haukukukosea lolote, umekatika na kukuchapa shavuni. Zikabaki 77.

Saa 12 ilipokaribia nilikuwa nalia. Bibi ameshapiga simu mara tatu: kanga gani avae, na je, wale wa kwa Mama Mdogo wamewekewa viti? Nikampigia mjomba.

Mjomba wangu ni mtu wa kidumbaki, ile taarabu ndogo ya mitaani ya ngoma na kucheza. Ngoma zake mbili ndogo za udongo nimekua nazikuta barazani, na kabla ya kila shughuli nilikuwa nikimuona akiwasha makuti makavu, anazipitisha ngoma juu ya moto, anagonga, anasikiliza, anazipitisha tena.

"Mjomba, ngozi imelegea."

"Si uipashe moto?"

Hakuuliza ngozi ya nini. Mimi nami sikumwambia.

Uani kwetu mama mwenye nyumba alikuwa amemaliza kupika, na mkaa kwenye seredani bado mwekundu. Nikaisimamisha ganuni kwenye mbuzi mbili za kukunia nazi, ngozi zikitazama makaa, umbali wa shubiri mbili. Dakika tano, nikadonoa. Imepanda! Dakika kumi, imefika palepale pa akodiani. Nilimuona mjomba ni profesa.

Tatizo likawa harufu. Ngozi ya samaki ikipata joto inakumbuka ilikotoka. Paka wawili wakateremka ukutani wakakaa mbele ya chombo kwa adabu, kama wasikilizaji waliolipa kiingilio. Jirani akauliza kwa dirishani kama tunakaanga ng'onda. Nikaona nisiende kwenye mtihani nanuka jikoni, nikarushia makaa vijiti viwili vya udi. Moshi ukapanda, nikaingia ndani kuvaa buibui.

Ngoma, jamani, ina ngozi tu. Ganuni ina ngozi na nyuzi 77 zinazoikalia kifuani, tena nyuzi nilizokwishazikaza mara mbili wakati ngozi imelegea. Ngozi ilivyozidi kukauka ilivuta huku, nyuzi zikikandamiza huku, na gundi ya pembeni ikaanza kulainika kwa joto. Nilikuwa nabana pini ya mtandio niliposikia uani mlio kama mtu amekaa juu ya vipande vya mkate mkavu. Nikatoka mbio. Mguu wa tatu wa daraja umetumbukia ndani ya sanduku. Daraja limepinda mgongo, nyuzi za katikati zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Paka mmoja anaramba.

Nilikwenda nayo hivyohivyo, chini ya mwavuli. Ningeificha wapi?

Mwalimu aliifungua mbele ya watahini wawili. Moshi mdogo ukatoka. Mtahini mmoja akanusa, akamgeukia mwenziwe: "Msichana huyu anatahiniwa ganuni au udi?" Mwalimu hakucheka. Alitia kidole kwenye tundu, polepole, kama daktari. "Ilikuwa karibu na moto?" Nikasema shikamoo.

Akaingia stoo, akarudi na sanduku. Mnalijua: boksi la mbao lililogeuzwa, fimbo moja, uzi mmoja, besi ya kidumbaki. Unavuta fimbo uzi unakaza, sauti inapanda, unailegeza inashuka. Hakina kigingi wala ufunguo, na masika yakitaka yanyeshe mwaka mzima.

"Hiki unakijua?" akauliza.

Nilikuwa nakijua tangu sifikii hata ncha ya fimbo yake. Tulipiga bashrafu, na mara ya kwanza tangu niingie skuli ile sikuwa nahesabu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Kisha taksimu, ambayo kwa sanduku haijapata kusikika na sidhani kama inapaswa kusikika. Nikaipeleka kwenye mwendo wa kidumbaki, mpiga dumbaki akanidaka, na bi mmoja mstari wa mbele akanyanyuka akaja kunitunza shilingi elfu mbili, akaichomeka kwenye mtandio wangu mbele ya watahini. Walinipasisha. Kwenye fomu, palipoandikwa "chombo", waliacha wazi.

Adhabu yangu ilikuwa Jumamosi zote za Mei: kulegeza nyuzi moja moja, kung'oa daraja, kukwangua gundi kuukuu, kuroweka ngozi mpya, kuiwamba, kuiacha ikauke kivulini, kivulini, mwalimu alilirudia neno hilo, kisha kutyuni kila siku kwa sababu ngozi mpya inavutika. Ganuni ikapona, ikapewa mvulana kutoka Pemba.

Bibi usiku ule hakusema kitu njia nzima. Kesho yake nilimsikia kwa muuza mbatata, Barghash ameshapita, meli imeshatia nanga. "Na mjukuu wangu," akasema, "anapiga ile ya kisasa. Ina uzi mmoja."