Ruta mbili na ukuta wa volkano

Bandugu, mi nilifikiri kulipa forfe ya internet ya mwezi njo shida yenyewe, kumbe kazi iko kuifikisha mpaka chumbani. Nyumba yetu hapa Goma, Katindo, haiko kubwa, hatua kumi na tano umeshaimaliza, lakini mwenye kuijenga alitumia mawe ya volkano, ukuta unene wake toka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole, na ile mawe haicheki na mtu. Mwaka 2002 lava ilishuka toka Nyiragongo ikakata mji katikati ikaingia mu ziwa, sasa imepoa tunaijengea nyumba, nayo inalipiza kisasi polepole: ruta iko saloni ndani ya bifé, wifi ikitoka pale inafika korido inageuka inarudi.

Pahali pamoja tu njo palikuwa na rezo ya kueleweka, jikoni, kando ya mbabula. Siku moja niko mu mkutano wa video, Mama batoto yuko anakaanga sambaza nyuma yangu, moshi umejaa mpaka machozi yananitoka, shefu akaniuliza kama volkano imelipuka tena. Wote wakacheka. Mi nikazima kamera, mchana ule ule nikashuka Birere.

Birere kijana mmoja akaniuzia kale kadude ka kuchomeka mu prizi, ripita, akasema "Papa, unachomeka tu, nyumba yote inashika." Nikakachomeka chumbani, yani kule kule rezo haifikagi, muone na akili yangu! Simu ikaonyesha vijiti vyote vimejaa na hakuna mesaji hata moja inaingia, sababu ripita inarudia ile imesikia, na pale ilikuwa haisikii kitu. Nikakasogeza korido, hapo kakasikia, lakini mwendo ukapungua karibu nusu. Redio ni moja, hiyo hiyo inasikiliza, hiyo hiyo inasema, kama mwenye kutafsiri mahubiri: pasta anamaliza sentensi njo naye anaanza ya kwake, na ibada ya saa tatu munatoka saa nane njaa inawaua.

Nikakumbuka niko na ruta ya zamani mu karto chini ya kitanda. Nikanunua waya mita 20, nikaupitisha juu ya plafo mi mwenyewe, mgongo uliniuma siku tatu, nikachomeka huku nikachomeka kule, taa zikawaka kijani, nikafurahi kama baba ameozesha binti. Dakika kumi hivi. Kisha nyumba nzima ikakatika, chumbani, saloni, hata kwenye mbabula kwenyewe! Kadogo analilia katuni, mkubwa analilia masomo (uongo, tunamjua), Mama batoto ananiangalia bila kusema kitu. Jirani akasikia kelele akaja kunieleza eti nimeweka ruta mbili njo maana mega zimeisha haraka, nikamwambia asante, rudi kwako.

Mtoto wa dada yangu anasoma informatiki, akaja jioni, akafungua laptop yake akaanza kucheka.

"Tonto, zote mbili zinajiita 192.168.1.1, na zote mbili zinagawa manamba kwa simu na laptop."

"Yani?"

"Yani parsele moja imeuzishwa watu wawili, Tonto, kila mmoja na karatasi yake na muhuri wake."

Basi hapo nikaelewa yote, hapa Goma nani hajaona ile kesi? Akageuza ya pili ikawa 192.168.1.2, akazima DHCP yake, ile kazi ya kugawa manamba, ile njo muhuri wenyewe, akaacha waya mu tundu la njano, lile la kugawia, siyo la bluu la kupokea internet. Tundu tu njo nilikuwa nimepatia, tena kwa bahati, sababu lile la bluu lilikuwa limejaa vumbi. Jina moja, kode moja, shaneli moja 1 ingine 11 zisikatane maneno. Dakika saba, nilihesabu. Akala bugali sahani mbili, akaomba na transpo.

Sasa chumbani inaruka, siwezi kudanganya. Ila simu yangu ni kichwa ngumu, nikitoka nayo saloni inang'ang'ania ruta ya saloni mpaka niko kitandani na kijiti kimoja, lazima nizime wifi niwashe tena njo ikumbuke iko na ndugu ya pili hapa karibu na mto.

Yule mtoto wa dada mbele ya kutoka alisema tena ruta ya saloni itoke mu bifé, iko nyuma ya masinia ya chuma na chuma inarudisha rezo. Mama batoto akakataa katakata, dude lenye antena kama mende haliwezi kukaa wazi wageni wanaliona, njo maana hata mule ndani alilishonea kitambaa cha krosheti. Sikubishana naye. Jana natoka kazi, namkuta ameketi kitandani na uzi mweupe, anapima ile ya pili kwa vidole.

"Papa batoto, hii iko kadogo kuliko ile ya saloni, ama macho yangu?"