"Coffee" ilizunguka, kahawa ilikuja moja kwa moja

Ingia katika mikahawa mingi ya katikati ya mji wa Moshi, utapewa menyu yenye americano, latte, cappuccino na mocha. Neno kahawa hutaliona, labda liwe limeandikwa ukutani kama pambo. Mimi napinga jambo hili, na hoja yangu naianzia kwenye neno la Kiingereza lenyewe, "coffee".

Waingereza hawakulitunga. Walilipata mnamo mwaka 1600 hivi, likiwa na sura ya koffie ya Waholanzi, ambayo asili yake ni kahve ya Waturuki, nayo kahve ni qahwa ya Waarabu. Njiani w iligeuka v, v ikawa f. Katika Kiarabu cha kale qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, kisha likahamia kwenye kinywaji ambacho masufi wa Yemen walikinywa ili wakeshe katika ibada. London ilipata nyumba yake ya kwanza ya kahawa mwaka 1652. Wapo wanaodai kwamba jina limetoka Kaffa, kule Ethiopia. Sishawishiki, kwa sababu Waethiopia wenyewe wanasema buna.

Kiswahili hakikupita Istanbul wala Amsterdam. Kililipokea neno kutoka kwa Waarabu, kikalitunza na w yake, kisha kikalizalisha: mkahawa, na hata rangi ya kahawia. Waarabu wana pia bunn, nasi tukapata buni, yaani mbegu ya kahawa, na mbuni, mti wake. Angalieni Kiingereza kinavyohangaika hapo: mbegu ya kahawa kinaiita haragwe, ilhali mmea huu hauna udugu wowote na maharagwe. Sisi tuna neno lake maalumu, halafu tunaliacha nje ya mlango.

Majina ya kwenye menyu nayo tuyatazame. Latte ni maziwa tu kwa Kiitaliano. Ukiagiza hivyo Italia utaletewa glasi ya maziwa. Mocha ni bandari ya Yemen iliyosafirisha kahawa. Cappuccino imetokana na rangi ya majoho ya watawa Wakapuchini. Kila mmoja aliita kinywaji kwa kitu cha kwao, na walifanya vyema.

Na huku kwetu maneno yapo, tena kwa kila hatua. Tangu miche ilipopandwa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na hasa baada ya wakulima kuunda KNCU, chama chao cha ushirika, mwaka 1933, mlima huu wa Kilimanjaro umejenga msamiati wa kazi. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, watu huchuma matunda mekundu, humenya, huloweka, huosha na kuanika mpaka wapate kahawa ya maganda. Ikishakobolewa huitwa kahawa safi, ndipo ipelekwe mnadani. Mama wa Uru au Marangu aliyeyafanya hayo yote maisha yake, akishuka mjini na kuketi mkahawani, anapewa karatasi asiyoweza kuisoma juu ya zao lake mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko bei ya kikombe.

Najua jibu la wenye mikahawa: wateja ni watalii wanaopanda Kilimanjaro. Sawa, Kiingereza kiwepo, kwa herufi ndogo chini. Juu iandikwe kahawa chungu, kahawa ya maziwa, kahawa ya tangawizi, na pembeni jina la kijiji ilikotoka. Muuza kahawa wa mtaani mwenye dele lake la moto na kashata anauza kwa Kiswahili mchana kutwa, na mgeni akifika anaelewana naye. Mtalii kutoka Uturuki au Misri hata mkalimani hamhitaji, maana neno kahawa atalitambua akilisikia tu.

Wenye mikahawa wa Moshi wanaweza kuanza na menyu watakayochapisha safari ijayo. Wahudumu wafundishwe pia kueleza tofauti ya buni mbichi na iliyokaangwa, na kutaja kahawa ya Kibosho au ya Mwika bila kupapasa maneno.